Marinda Mbele

Rafiki yangu alikuwa amelazwa hospitalini huko Anderlecht kwa wiki kadhaa aliponiomba nimrudishie sketi yake kwa wenyewe. Aliniomba bila kunitazama. Uso wake ulikuwa umeelekea dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa ukuta wa jengo jingine na mvua.

"Iko mu kabati," alisema, "nyuma ya manteau yangu ya baridi. Uipige pasi muzuri, uipeleke kwa chef wa fanfare. Umwambie aksanti sana. Donc, ni hiyo tu."

Sikuipenda ile "ni hiyo tu". Nilikuwa nimeishi naye muda wa kutosha kujua kwamba alikuwa haongei juu ya nguo.

Sketi yenyewe ilikuwa ya kiume. Wabelgiji waliiita kilt, sisi tukazoea kusema kilti: nguo nzito ya sufu, yenye miraba ya kijani na buluu, kama wanavyovaa wanaume wa Uskoti. Rafiki yangu hakuwahi kufika Uskoti. Alizaliwa Bukavu kama mimi, akasoma kwa mapadri, na huko ndiko alikofundishwa kupiga ngoma ya fanfare, yaani bendi ya kuandamana, ile inayoning'inizwa kiunoni na kupigwa kwa vijiti viwili. Alipokuja Ubelgiji alipata kazi katika ghala la vinywaji, na saa ya mapumziko alikuwa akipiga makreti kwa vidole. Mbelgiji mmoja aliyefanya naye kazi akamsikiliza siku nyingi bila kusema neno. Mwisho akamwambia kwamba yeye na wenzake wana kikundi cha kupiga zumari za Kiskoti, zile zenye mfuko wa ngozi, na mpiga ngoma wao amehama. Hivyo ndivyo mtu wa Bukavu alivyoanza kuvaa kilti. Majira ya joto yalipofika, alipita barabarani katika sikukuu za mitaa, mweusi peke yake katikati ya Wabelgiji waliojifanya Waskoti, na watu walimpigia makofi kuliko wote.

Watu wetu walimcheka sana mwanzoni. "Papa, bibi yako atavaa nini kama weye umechukua jupe yake?" Alikuwa akiwajibu kwamba hana bibi kwa sababu wanawake wote wanaogopa kushindwa uzuri wa miguu. Na kweli alikuwa na miguu mizuri, imenyooka, misuli imejipanga, na alijua. Kabla ya kila maandamano alijipaka mafuta magotini mpaka yang'ae.

Mimi alinipokea kituo cha Gare du Midi mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa na begi moja na anwani yake niliyopewa na mtu wa kwetu. Tulikuwa hatujuani. Alinipeleka kwenye nyumba yake ya vyumba viwili Anderlecht, akanionyesha kitanda, akaniambia nitakaa mpaka nipate kwangu. Nikapata kazi ya kusafisha ofisi katika maghorofa ya karibu na Gare du Nord, lakini kwangu sikupata, na yeye hakuuliza. Alinizidi umri kwa miaka mingi, nami nikamwita mukubwa. Yeye akaniita yaya, neno ambalo kwetu mtu humwita kaka au dada aliyemtangulia kuzaliwa. Nikamwambia hiyo si haki, mimi ni mdogo kwake. "Siyo mambo ya miaka," alisema. "Weye unakunja hata nguo za wengine. Unauliza kila muntu kama amekula. Weye ni yaya ya dunia yote."

Hakukosea. Mama yetu alifariki siku chache baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho, msichana, na baba hakukaa sana baada yake. Mimi nilikuwa mkubwa. Nyuma yangu walikuwa wanne. Niliacha shule nikiwa bado na daftari jipya ambalo sikuliandika, nikaligawa kurasa kwa wadogo zangu. Nilijifunza kupika, kufua, kubeba mtoto mgongoni kwa kikwembe cha marehemu mama. Kila Jumapili jioni nilipiga pasi ya makaa sketi za shule za dada zangu, rinda kwa rinda, kwa sababu masista walikuwa wakiwarudisha nyumbani wasichana wenye marinda yaliyolala vibaya. Sikusoma sana, lakini marinda nayajua.

Ugonjwa wa rafiki yangu ulikuwa kisukari. Alikuwa nao muda mrefu, akiuchukulia kama mgeni ambaye ukimnyamazia ataondoka mwenyewe. Kisha kreti lilimwangukia kwenye kidole cha mguu ghalani, likafanya kidonda kidogo, na kidonda hakikupona. Alikificha chini ya soksi. Soksi za kilti ni ndefu na nene, zinafika chini ya goti, na ndani yake mtu anaweza kuficha mengi. Nilikuja kujua siku niliposikia harufu chumbani nikadhani ni panya aliyekufa nyuma ya jiko. Nikasogeza jiko. Nikasogeza kabati. Kisha nikamwangalia yeye, naye akaniangalia, akavua soksi.

Hospitalini madaktari walijaribu dawa. Walikata kidole, wakangoja. Baadaye wakamwambia kwamba mguu lazima ukatwe chini ya goti, na upesi, kwa sababu sumu ilikuwa inapanda. Akichelewa watakata juu ya goti, na akichelewa tena hakutakuwa na cha kukata. Daktari aliyasema hayo kwa upole mbele yangu. Rafiki yangu alimsikiliza hadi mwisho, akasema, "Non, docteur. Merci." Kila siku daktari alirudi na kila siku jibu lilikuwa lile lile, na shukrani juu yake.

Mimi nilimsihi, nikamkaripia, nikamletea sombe, kisamvu cha kwetu, iliyopikwa na mama mmoja wa kwetu, akaila nusu akasema ina chumvi kidogo. Siku aliyoniomba nirudishe kilti nilimuuliza waziwazi.

"Mukubwa, unataka kufa?"

"Nani anataka kufa? Sitaki kukatwa. Siyo mambo moja."

"Kwa hapa ni mambo moja. Daktari amesema."

Alipiga shuka kwa vidole viwili, polepole, kama anavyofanya akianza wimbo.

"Yaya, nisikilize. Kama mimi ni muntu wa ghala tu, bon, wakate. Muntu wa ghala anavaa pantalon, nani atajua? Lakini mimi ni muntu wa ngoma. Na ile nguo ya ngoma ni ya muntu mwenye iko na miguu mbili. Siku nitapita mu barabara, hakuna mwenye atasikia ngoma. Wote wataangalia muguu. Watasema, pole, masikini, angalia. Watapiga makofi ya huruma. Sitaki makofi ya namna ile. Afazali waseme: alikuwaka muntu mumoja, alikuwa na miguu!"

Alicheka peke yake. Kisha akageukia tena dirisha, ndipo akaniambia habari ya kabati na lile koti.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Kwa mtu ambaye amekuwa yaya tangu utotoni, kukosa jibu ni jambo baya, unajiona kama umetoka nyumbani ukaacha moto jikoni.

Jumapili asubuhi nililifungua lile kabati. Kilti ilikuwa pale alipoiweka, na juu yake mkanda, na kwenye droo ya chini soksi mbili ndefu nyeupe zilizokunjwa pamoja. Nikaitandaza kilti mezani, nikalowesha kitambaa, nikaanza kupiga pasi. Ilichukua asubuhi nzima. Nguo ile ina marinda mengi kuliko sketi zote za dada zangu zikiwekwa pamoja, na kila rinda lazima lilale juu ya jirani yake ili mistari ya miraba ikutane. Nilipomaliza niliinua juu nikaitazama. Ilikuwa nzuri. Nilifikiri juu ya kuikunja na kuipeleka kwa yule chef, kiongozi wa bendi, kusema aksanti, na kurudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo nikavua suruali.

Lazima niseme jambo kuhusu miguu yangu. Tangu ujana sikuwahi kumwonyesha mtu. Bukavu nilicheza mpira na suruali ndefu. Brussels, hata katika joto la mwezi wa saba watu wote walipovaa kaptula, mimi nilivaa suruali, na rafiki yangu alikuwa akiniita askofu. Hakuwahi kuuliza sababu. Alidhani ni malezi ya mapadri.

Niliifunga kilti kiunoni na kubana vifungo vyake vya ngozi. Kwenye droo nilizitazama zile soksi ndefu. Zingenifunika vizuri kabisa. Nikaifunga droo, nikavaa soksi zangu fupi za kazini na viatu vyangu vya Jumapili, nikachukua koti, nikashuka ngazi.

Ningeweza kufika hospitalini kwa njia fupi. Lakini mgonjwa hatembelewi mikono mitupu, na Jumapili soko liko Gare du Midi, hivyo nilienda kwanza huko kumnunulia parachichi. Ulikuwa mwezi wa tatu, upepo wa Brussels haukuwa na adabu. Wauza zeituni waliacha kupiga kelele nilipopita, na mtu anayejua soko lile anajua kwamba wauza zeituni hawaachi kupiga kelele kwa sababu yoyote. Kisha nikasikia Kiswahili nyuma yangu.

"Eh! Eh! Papa! Njo nini hii? Jupe ya bibi yako?"

Alikuwa mama mmoja mnene, kapu mkononi, shingo imefungwa skafu mbili.

"Ni ya rafiki yangu, maman."

"Ya rafiki yako mwanamuke?"

"Hapana. Mwanaume. Iko hospitali."

"Haa! Donc anauguwa, na weye unamuvalia jupe yake." Alinitazama juu hadi chini. Macho yalipofika miguuni yakasimama hapo. Sauti yake ikabadilika. "Ah, mwanangu. Pole. Ilikuwa moto?"

"Maji ya moto, maman. Zamani sana."

Alichagua parachichi mwenyewe, akizibonyeza moja moja kwa kidole gumba, akamgombeza muuzaji kwa zilizo ngumu, akanikabidhi mbili nzuri. "Uende. Lakini funga koti, utapata baridi pale mahali Mungu hataki."

Kwenye metro nilisimama njia nzima. Sikujua mtu anakaaje na nguo ile. Mtoto mmoja mdogo wa Kibelgiji alinyoosha kidole, mama yake akamshusha mkono, naye mwenyewe akaendelea kuangalia. Nilishika nguzo. Nilifikiri: watu wanaangalia miguu, ndiyo. Tukifika kituoni watashuka na kuwaza chakula cha mchana.

Muuguzi wa zamu alikuwa na trei mikononi. Aliniona akitokea upande wa pili wa ukumbi, akapunguza mwendo, akasema tu "Bonjour, monsieur" kwa sauti ya mtu anayejizuia. Nilifungua mlango wa chumba.

Rafiki yangu alikuwa amelala chali. Aligeuza kichwa. Kisha kitanda kikaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikakimbilia karibu, kumbe anacheka, anacheka mpaka anashika tumbo, mpaka yule mzee wa Kibelgiji wa kitanda cha pili akaamka naye akaanza kucheka bila kujua sababu.

"Yaya! Yaya, unaniua mbele diabète iniue! Ni nani alikuvalisha?"

"Nimevaa mwenyewe."

"Umeivaa nyuma-mbele! Marinda yanakaa nyuma! Nyuma!"

Nikajitazama. Nilikuwa nimeweka marinda yote mbele, yaliyopigwa pasi vizuri, na nyuma sehemu iliyo tambarare kama aproni. "Uzuri wa nguo si unakaa mbele?" nilisema. "Sketi za dada zangu zilikuwa na marinda mbele. Nani anapiga pasi asubuhi nzima halafu anakalia?"

"Umetembea namna hii? Kutoka nyumbani?"

"Nimepitia Midi."

"Midi! Jumapili!" Alifunika uso kwa mikono. "Chef wa fanfare akisikia, atarudi mu kanisa. Kuja hapa. Kuja."

Alijivuta akakaa ukingoni mwa kitanda, jambo ambalo hakulifanya tangu walipomwambia habari ya kukatwa. Mguu mmoja ulining'inia, mwingine umefungwa bandeji kubwa nyeupe. Alinivuta kwa mkanda, akalegeza vifungo. Nilishika shati langu chini kwa heshima ya mzee wa kitanda cha pili, naye akageukia ukuta kwa heshima yangu. Rafiki yangu akaizungusha kilti kiunoni mwangu, marinda yakaenda nyuma, akavuta upande wa kushoto juu ya kulia kama kikwembe, akatikisa kichwa, akarudisha kushoto chini, akabana. Mikono yake ilikuwa imekonda, lakini ilijua kazi. Akainama kuona kama ncha ya chini imefika katikati ya goti.

Hapo ndipo alipoona.

Makovu yangu yanaanzia chini ya magoti na kuteremka hadi kwenye viatu, pande zote mbili, ngozi imekunjamana na kung'aa, mahali pengine nyeupe, mahali pengine nyeusi zaidi yangu mwenyewe. Hakuigusa. Mkono wake ulibaki hewani.

"Hii ni nini?"

"Sufuria ya maharage. Nilikuwa napika. Ilipinduka."

"Miguu yote mbili? Na hukuruka?"

"Nilikuwa na mtoto mgongoni," nilisema. "Yule mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa amelala. Ningeruka ningeanguka naye motoni. Nikasimama."

Nje ya mlango toroli la chakula lilipita na kelele zake.

"Na mutoto?"

"Hakuamka."

Akanitazama usoni. "Hakuamka," alirudia. Kisha: "Iko wapi sasa?"

"Bukavu. Ni maman wa watoto wawili. Ana sauti kubwa, unamsikia kwenye simu."

"Yule? Yule wa kelele?" Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. "Miaka yote hii mu nyumba yangu. Minakuita askofu."

"Sikukasirika."

Alitazama tena chini, safari hii miguu, kisha soksi zangu fupi, kisha miguu tena. Nikaona wazo likimjia.

"Yaya. Soksi ndefu haukuziona? Ziko mu droo ya chini. Zingefunika yote."

"Niliziona."

Alishika ukingo wa kilti kwa vidole viwili akanyoosha rinda moja ambalo lilikuwa limenyooka tayari. Nilimchotea parachichi kwa kijiko. Alikula karibu zote mbili, akampa mzee wa kitanda cha pili kipande, akalala. Nilikaa pale kwenye kiti, na kwa kuwa sasa marinda yalikuwa nyuma, nilijifunza kuyakalia.

Daktari alipita mchana huo. Rafiki yangu alikuwa macho. Kabla daktari hajafungua mdomo, alimuuliza kwa Kifaransa ni wapi hasa watakata. Daktari akaweka mkono kwenye shuka, chini ya goti, kiasi cha upana wa kiganja.

"Donc goti linabaki?"

"Tukikata leo, linabaki," daktari alisema. "Wiki ijayo sijui."

Rafiki yangu alinigeukia, akaniambia kwa Kiswahili, kama watu wawili wanaopatana bei mbele ya muuzaji, "Soksi inafika hapa. Goti linabaki nje. Goti lilikuwaka muzuri kuliko yote." Kisha akakubali, akamwambia daktari, "D'accord." Na kwa sababu hakutaka nione uso wake, alianza kumuuliza mzee wa kitanda cha pili habari za timu yake ya mpira.

Kilti sikuirudisha. Usiku aliokatwa ilikuwa kwenye hanga nyuma ya mlango wangu.

Kupona kulikuwa kurefu na hakukuwa na uzuri. Kuna siku alinitupia kikombe. Kuna siku alilia kwa sababu mguu usiokuwepo ulimwasha na hakuna mahali pa kukuna, nami nikakuna hewa pale alipoonyesha, na akasema panda kidogo, kushoto, hapo. Alijifunza magongo, kisha mguu wa bandia, kwenye ukumbi wa nyumba yetu, mimi nikiwa mbele nikirudi nyuma mikono imefunguka, kama nilivyowafundisha wadogo zangu wote kutembea.

Kikundi kilimsubiri. Majira ya joto ya mwaka uliofuata walipiga katika sikukuu ya mtaa, si mbali na kwetu. Njia ilikuwa fupi, waliifupisha kwa ajili yake na kumdanganya kwamba manispaa ndiyo iliyotaka. Nilimvalisha mimi. Marinda niliweka nyuma. Alijipaka mafuta magotini, yote mawili. Alikaa muda mrefu na soksi mkononi, nikafikiri ameghairi.

"Wataangalia," alisema.

"Wataangalia."

"Bon."

Akazivuta zote mbili.

Nilitembea pembeni ya barabara sambamba naye. Nilikuwa nimevaa kaptula, ya kwanza maishani, nimeinunua Midi. Watu waliangalia mguu wake, ndiyo, niliwaona wakinong'onezana, na wengine walinitazama mimi. Kisha ngoma ikaingia na mtoto mmoja akaanza kurukaruka, na baada ya hapo sikuona tena nani anaangalia nini, kwa sababu nilikuwa na kazi. Soksi ya mguu wa bandia ilikaa pale pale ilipovutwa, haikushuka hata kidogo. Ile ya mguu wake mwenyewe ndiyo iliyokuwa ikiteremka. Ilikuwa ikifika kwenye kifundo, yeye anapiga ngoma hawezi kuinama, ananiita kwa jicho, "Yaya!", nami ninaingia katikati ya Waskoti, ninapiga goti barabarani, ninaivuta juu, ninatoka.